Gari Moshi Bila Moshi: Nani Atawasha Mount Gelai?

Wasee, tuanze na maneno kabla tufike kwa chuma.

Kila siku tunasema "gari moshi". Treni ya Syokimau ikichelewa, gari moshi limechelewa. Lakini moshi gani? Huo wa dizeli unaouona pale juu si ule uliofanya hii kitu ipewe jina. Na stima je? Stima zikipotea usiku mtaa mzima unapiga kelele, tokeni zikiisha unakimbilia simu. Fungua kamusi uone: stima ni umeme, ndio, lakini pia ni meli inayoendeshwa kwa mvuke. Yaani tunaongea lugha ya mvuke kila siku, na wengi wetu hatujawahi kuona mvuke ukifanya kazi kubwa kuliko kuinua kifuniko cha sufuria ya githeri.

Sasa, hapa tao, ukitoka stesheni ya Railways ukatembea dakika chache, kuna jumba la makumbusho ya reli. Wengi mnalijua kwa sababu ya picha. Mmeenda pale na mbogi, mkasimama mbele ya injini nyeusi au ile ya rangi ya damu ya mzee, mkapiga picha kumi, mkaenda. Wasanii wa michoro ya ukutani wamewahi kuwa na studio zao pale pale katikati ya mabehewa. Ni mahali poa. Lakini ni wangapi walisoma jina lililoandikwa ubavuni mwa ile injini ndefu kuliko zote?

Inaitwa Mount Gelai. Namba yake ni 5918. Na nataka niwaambie kwa nini naona hiyo injini inatuhusu sisi, si wazee peke yao na si watalii wenye kamera kubwa peke yao.

Kwanza jueni ni kitu gani. Mount Gelai ina urefu wa kama mita 32. Panga nganya nne za viti 33, bampa kwa bampa, hapo ndio utapata picha. Ikiwa imejaa maji na mafuta, uzito wake unapita tani 250. Hiyo ni zaidi ya tembo 40. Ilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, ikiwa moja kati ya injini 34 za darasa la 59 zilizoletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Kwenye reli za upana wa mita moja, dunia nzima haikuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Na Marekani ilipostaafisha majitu yake, hizi zetu zikabaki kuwa injini kubwa zaidi za mvuke zilizokuwa bado kazini duniani. Hapa kwetu. Kati ya Mombasa na Nairobi.

Kwa nini tulihitaji dude kama hilo? Angalia ramani. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu. Reli ya zamani inapanda huo mlima kwa zaidi ya kilomita 500, na ukiendelea mpaka Timboroa unafika zaidi ya mita 2,700. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizigo ilijaa bandarini Mombasa na treni hazikuwa zinatosha. Injini za darasa la 59 zilitengenezwa ziweze kuvuta tani 1,200 kupanda huo mteremko.

Na ujanja wake ni huu. Injini ya kawaida ya mvuke inabeba boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi, unahitaji boila kubwa zaidi, lakini boila kubwa ni zito, linavunja reli nyepesi, na injini ndefu haikati kona. Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, alisajili wazo lake mwaka 1907: toa boila juu ya magurudumu. Liweke katikati, likae kama daraja kati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na mitungi yake. Boila likiwa halina magurudumu chini yake linaweza kunenepa vile linataka. Uzito unagawanyika. Na kwa kona, dude lote linajipinda sehemu mbili.

Kujipinda, kutoa moshi, kumeza maji. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema mwonaji Mugo wa Kibiro alitabiri nyoka wa chuma kutoka baharini. Wanandi nao wana yao kuhusu Kimnyole. Mtu aliyemwona Garratt akipanda kutoka Voi hakuhitaji kufafanuliwa huo unabii.

Lakini hapa ndipo lazima tusimame kidogo, kwa sababu hii hadithi ya mvuke imeuzwa kwetu ikiwa imekatwa nusu.

Ile nusu inayouzwa unaijua. Wanaiita "Lunatic Express". Simba wa Tsavo, mzungu na bunduki, vikombe vya chai kwenye behewa la daraja la kwanza, twiga dirishani. Ukienda hilo jumba utaona mpaka behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Ni hadithi noma, siwezi kataa. Wale simba wawili wa Tsavo wenyewe hawako hapa. Patterson aliyewaua Desemba 1898 aliuza ngozi zao, na tangu miaka ya 1920 wako Chicago, kwenye Field Museum, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo.

Nusu ambayo haiuzwi ni hii. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Waliotandika vyuma wengi walikuwa vibarua kutoka India, kama 32,000 hivi. Karibu 2,500 walikufa, na wengi zaidi kati yao hawakuuawa na simba yeyote. Ni magonjwa, ajali na uchovu. Wanandi walipigania ardhi yao kwa muongo mzima mpaka Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Halafu reli ikishakuja, tikiti nazo zikagawa watu: kwa vitendo, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Na Januari 1947, Mombasa, maelfu ya wafanyakazi wakiwemo wa bandari na wa reli waliweka vifaa chini wakagoma. Chege Kibachia akawa sauti yao. Treni si mashine tu kwa historia yetu. Ni mahali watu wetu walijifunza kusema hapana wakiwa pamoja.

Kwa hivyo mtu akiniuliza, "Buda, kwani unamiss ukoloni?" jibu ni hapana. Na namwelewa mtu anayeangalia hizo injini na kuona mnyororo. Lakini cheki kitu kimoja kuhusu majina.

Kulikuwa na darasa lingine la Garratt, darasa la 60. Hizo zilipewa majina ya magavana wa kikoloni wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye vibao vya majina vikang'olewa. Sawa kabisa, nani anataka kuvutwa na gavana? Lakini darasa la 59 lilipewa majina ya milima yetu. Kulikuwa na Mount Kenya, namba 5901. Kulikuwa na Ruwenzori, Elgon, Meru, Rungwe, Kilimanjaro, Suswa, Menengai. Fikiria treni inaingia Nairobi imeandikwa Kilimanjaro, nyingine inatoka imeandikwa Elgon. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Fundi wa Tabora na fundi wa Nairobi walikuwa na mwajiri mmoja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika likagawanywa, kila nchi ikachukua mabehewa na injini zake, kama wazazi wakiachana na kugawana viti vya sebuleni. Dizeli zilikuwa zimeshaanza kuchukua kazi tangu miaka ya 1960. Kufika 1980 darasa la 59 lilikuwa limekwisha kazi. Na unajua chuma kikikosa kazi Kenya huenda wapi. Skrepa.

Injini 34. Zilizobaki ni mbili.

Mount Kenya haikubaki. Tuliikata. Kilimanjaro pia imeenda. Mbili zilizopona ni Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Mount Shengena, mlima wa Upare. Zote mbili ni milima ya Tanzania, na zote mbili ziko Nairobi. Pale jumbani pia kuna injini ndogo zaidi, namba 3020, inayoitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Siku ingine ukisikia Wakenya na Watanzania wakirushiana maneno mtandaoni, kumbuka kwamba fahari ya makumbusho yetu ya reli imebeba majina ya majirani, na sisi ndio tumepewa kazi ya kuyatunza. Kiwanda kilichozijenga kule Manchester chenyewe kilifungwa 1966. Mtoto ameishi kuliko mzazi.

Hilo jumba lilianzishwa 1971 na Fred Jordan, wakati injini za mvuke bado zilikuwa kazini. Hiyo ni akili. Mtu alianza kuhifadhi kabla kitu hakijaisha. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatokea kitu ambacho wengi wetu tulikuwa wadogo sana kukijua, ama hatukuwa tumezaliwa: Mount Gelai iliwashwa tena. Jumba limeunganishwa kwa reli na stesheni, kwa hivyo ile injini iliweza kutoka pale ilipolala, ikaingia kwenye njia kuu, ikavuta treni za matembezi. Nyaturu nayo ilifanya hiyo kazi.

Treni ya matembezi ya mvuke haiendi mahali kwa sababu kuna mtu anataka kufika. Inaenda ili injini iende. Kwa kawaida inasimama katikati ya nyika, abiria wanashuka na kamera, treni inarudi nyuma, halafu inakuja tena kwa kishindo, moshi juu, firimbi inalia, watu wapige picha. Inaonekana kama mchezo wa watu wenye doo, na kusema ukweli wengi wanaosafiri mbali kufuata treni za aina hiyo ni wageni kutoka Ulaya. Hapo ndipo inaniuma. Nyanya yako alisikia hiyo firimbi kila usiku. Guka wako pengine alipakia hiyo mizigo. Halafu siku injini inapumua tena, anayelia machozi ya furaha ni mtu ametoka mbali, na mtoto wa Makongeni anaangalia kutoka ukutani bila kujua kwamba ni yake.

Na si rahisi kuiwasha. Hii si gari ya kugeuza ufunguo. Boila baridi linapashwa pole pole, saa nyingi, kwa sababu chuma kikipata joto haraka upande mmoja kinajivuta na kupasuka. Hizi zetu zilikuwa zinachoma mafuta mazito, si makaa ya mawe, kwa hivyo mtu wa moto hakushika koleo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza moto na kusoma moshi: ukiwa mweusi sana mafuta yanapotea, ukikosa kabisa pengine hewa imezidi. Jicho lingine liko kwa kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, boila linaweza kulipuka. Dereva naye anajua kila mwinuko kwa mwili, wapi aanze kuongeza mvuke kabla mlima haujaanza, wapi aache uzito wa treni ufanye kazi.

Huo ujuzi hauko kwa video. Uko kwa watu. Hesabu nami: kijana aliyeajiriwa na reli 1975 akiwa na miaka 20 leo amepita 70. Hao ndio wa mwisho waliojifunza kazi wakati mvuke ulikuwa mshahara. Wako Muthurwa, wako Changamwe, wako Nakuru, wako Kisumu, wengine walirudi ushago na wanachunga ng'ombe wawili. Kila mazishi tunayoenda ya mzee wa reli, kuna mlango unafungwa.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Tukihifadhi chuma bila watu, tumehifadhi skrepa iliyopakwa rangi. Injini ya mvuke ni ya ajabu kwa sababu inahitaji mtu ambaye anaijua. Huyo mtu akiisha, hata Mount Gelai ikisimama pale miaka 100 zaidi, hadithi itabaki ya simba na bunduki tu, kwa sababu mafundi hawakuandika vitabu.

Najua mtaniambia: msee, vijana hawana kazi na wewe unataka tuchome mafuta kwa ajili ya treni ya 1955? Hiyo ni hoja ya haki, tusiikwepe. Lakini angalieni wengine walifanya nini. Kule Wales, mwaka 1951, watu wa kawaida walijitolea kuendesha reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa inakaribia kufa. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na wajitoleaji, na bado inapeleka abiria. India, ambayo Waingereza waliijengea reli kwa sababu zilezile walizojenga hapa, haikuitupa treni ya mvuke ya Darjeeling. Ilianza 1881, na mwaka 1999 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wahindi hawakungoja historia iwe safi ndio waimiliki. Waliimiliki na uchafu wake, na leo watu wanapata riziki kutokana nayo.

Na msiniambie Wakenya hatupendi treni. Huduma ya Nairobi hadi Nanyuki iliporudi Desemba 2020, nani alijaza mabehewa? Ni nyinyi. Mlienda na spika ndogo, na njugu, na simu zimejaa chaji, safari ya saa nyingi ambayo matatu ingemaliza haraka, na mkafurahia kwa sababu treni inakupa nafasi ya kuongea. Hiyo ni treni ya matembezi. Mshaanza kuipenda bila mtu kuwalazimisha. Kilichokosekana ni injini yenye moyo mbele yake, hata mara mbili kwa mwaka, hata mpaka Athi River na kurudi, na tikiti ambayo mwanafunzi anaweza kulipa.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwa macho mawili. Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani ni milimita 1,000. Mount Gelai haiwezi kukanyaga SGR hata sentimita moja. Maisha yake yanategemea njia ya zamani iendelee kuwepo, na yanategemea kile kipande cha reli kinachotoka jumbani hadi stesheni. Sasa kuna mpango wa Nairobi Railway City, wa kujenga upya zaidi ya ekari 400 kuzunguka stesheni kuu. Sina shida na majengo mapya, tao inayahitaji. Lakini ramani zikichorwa, kile kipande kidogo cha reli kibaki. Kikikatwa, hata upate mafundi na mafuta na pesa, ile injini haitatoka tena. Itakuwa kama simba wa Chicago, imesimama vizuri, imekufa.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi ninayowaachia, na haihitaji kamati. Kama guka wako, au mjomba, au jirani wa ploti alifanya kazi reli, nenda umsalimie wikendi hii. Usiende na maswali ya simba. Muulize alianza saa ngapi. Muulize moto ulikuwa unasikika aje ukiwa sawa. Muulize nani alimfundisha, na yeye alimfundisha nani. Muulize kuhusu mgomo, mshahara, nyumba za reli, nani alikufa kazini. Weka simu mezani, bonyeza kurekodi, na uache azungumze lugha anayotaka. Halafu siku ingine, kama magoti yanakubali, mpeleke pale jumbani umsimamishe mbele ya Mount Gelai. Atakuonyesha vitu ambavyo hakuna kibao kimeandika.

Na mkipiga picha, hiyo sawa, pigeni. Mwache tu mzee asimame katikati.